Mstari Uliofutwa Upper Hill

Walikutana Ngara, kwenye duka la kompyuta kuukuu, wote wawili wameshika utepe mmoja wa printa.

"Aki dada, niachie," Zedekiah alisema, shati lake la kijani limepigwa pasi likanyooka. "Maabara yetu ya damu Upper Hill bado inatumia Pascal, lugha ya kompyuta ya zamani."

Kaluki akaangua kicheko. Kumbe! Yeye ndiye aliyekuwa akiboresha kompaila ya Pascal hiyo hiyo, programu inayogeuza maandishi ya binadamu kuwa amri za mashine. Aliifunza kufuta kila mstari usio na kazi, ili mitambo ikimbie.

Wakapendana, weee, mpaka majirani zao mtaani Kinoo wakachoka kuwaona.

"Nina mstari kwenye programu ya maabara, unahesabu tu, moja hadi laki moja," Zedekiah alimwambia Jumapili moja, akimmenyea chungwa. "Unaipa printa ya lebo nafasi ya kupumua."

"Wewe na printa yako! Utaoa mimi ama hiyo?"

"Wewe, mrembo. Hiyo ni mzee sana."

Kaluki akacheka, akasahau. Kompaila yake mpya ilipowekwa maabarani, iliufuta mstari ule. Printa ikaruka lebo moja, na kila chupa ya damu ikabeba jina la mgonjwa mwingine. Muuguzi aliligundua kosa mapema, Mungu saidia.

Kikaoni, Nzomo, mkuu wa maabara, aliuliza, "Nani ameguza hii programu?"

Kaluki alijua. Lakini Ijumaa alikuwa apandishwe cheo kazini kwake, kwa sababu ya kompaila hiyo. Akatazama viatu vyake vyekundu, akanyamaza. Zedekiah akafutwa kazi, kwa kuwa programu ilikuwa yake.

Wiki tatu baadaye Kaluki alimpigia simu akilia. "Zedi, ni kompaila yangu. Uliniambia, nikasahau."

"Najua."

"Unajua?"

"Nilijua palepale kikaoni, nimekaa kando yako. Nikasema wacha nimngoje ajisemee."

"Namwambia Nzomo leo! Rudi bebi, tuanze upya."

"Mwambie. Jina langu nalihitaji. Lakini kukungoja, Kaluki, nimechoka."

Kaluki akamwambia Nzomo yote, na cheo alichopewa kikaenda. Zedekiah aliombwa radhi kwa barua, akaitwa kazini, akakataa. Kaluki aliurudisha mstari kwa mkono wake, moja hadi laki moja, akaiamuru kompaila isiuguse tena. Lebo zikatoka sawasawa. Akampigia Zedekiah amwambie, simu ikaita mpaka ikakatika.