Fomu ya Elisifa

Saa nne na dakika kumi asubuhi, majina yalitokea kwenye kompyuta ya Mwalimu Aikaeli. Kundi la tatu: Elisifa, Zita, Gidioni. Elisifa alishusha pumzi. Mpango wake ulikuwa umefaulu.

Mwalimu Aikaeli alikuwa amehamia shule hiyo ya bweni ya Moshi wiki iliyopita, na makundi ya Darasa la Sita aliyapanga kwa kompyuta. Kila mwanafunzi alijaza fomu: kwao ni wapi, anajua kazi gani. Programu ilichanganya watoto wa mlimani, wa mjini na wa tambarare, ili mawazo yasifanane. Elisifa alitoka Masama, mlimani, kama rafiki yake Zita. Ili wasitenganishwe, aliandika kwamba kwao ni Chekereni, kule tambarare, na kwamba wanalima mpunga.

Kazi yenyewe ilikuwa kubuni njia ya kumwagilia miche mia mbili ya kabichi. Darasa halikuwa na mingine. Wazo bora lingetekelezwa jioni hiyohiyo.

"Haya, mtu wa mpunga," alisema Gidioni, mtoto wa Mawenzi, mjini. "Mimi maji nayajua ya bomba tu. Tufundishe."

Zita alimkanyaga Elisifa chini ya meza.

"Tutengeneze jaruba," alisema Elisifa. Alijua kwamba jaruba huzungushiwa kingo za udongo ili maji yatuame. Zaidi ya hapo hakujua kitu.

"Maji yakae siku ngapi?"

"Tano."

"Na kabichi itavumilia?"

"Itavumilia."

Gidioni aliandika yote. Mwalimu alisoma karatasi za makundi, akachagua yao: aliamini imetoka kwa mtu aliyeizoea kazi.

Saa kumi kasoro robo miche ilikuwa imepandwa na kingo zimesimama. Gidioni alifungua bomba.

"We, funga!" Wenseslaus wa kundi jingine, ambaye kweli ni wa Chekereni, aliweka jembe chini. "Kabichi ikilala majini mizizi inaoza!"

"Acha wivu. Mtaalamu wetu huyu hapa. Elisifa, mjibu," alisema Gidioni.

Darasa zima liligeuka. Maji yalifika safu ya pili ya miche.

"Funga," alisema Elisifa. "Mimi ni wa Masama. Jaruba sijawahi kulima. Nilitaka kukaa na Zita."

Gidioni alifunga bomba. "Kumbe nimeandika uongo kurasa mbili!"

Mwalimu Aikaeli hakupaza sauti. "Kompyuta ilipanga kwa ulichoiambia, Elisifa. Wenzako nao walifikiri kwa ulichowaambia. Kundi haliwezi kuwaza vizuri juu ya jambo lisilokuwepo. Kusema 'sijui' kungewasaidia zaidi." Akageuka. "Na mimi nilipaswa kuuliza kabla ya kuchagua. Wenseslaus, kwenu mboga mnazipandaje?"

"Juu ya matuta, Mwalimu. Maji yanapita katikati."

Walibomoa kingo, wakainua matuta, wakapanda upya. Elisifa alichimba mfereji peke yake, bila kuambiwa. Saa kumi na moja na nusu maji yalipita kati ya matuta yote, yakatokea upande wa pili.