Maswali Kumi Kabla ya Kushuka

"Vita vifupi kuliko vyote katika historia vilipiganwa wapi?" mashine iitwayo kipimafikra iliuliza kwa sauti yake ya upole.

"Unguja, mwaka 1896," Mbwambo alijibu papo hapo. "Havikufika hata saa moja."

"Kampuni ya Toyota ilitokana na utengenezaji wa mashine gani?"

"Za kufuma nguo."

Foleni nzima nyuma yake ilipiga makofi. Taa ya kijani ikawaka.

Kila asubuhi, kabla ya kushuka kuchimba barafu kwenye ncha ya kusini ya Mwezi, kila mchimbaji alisimama mbele ya mashine hiyo akaulizwa maswali kumi ya muziki wa zamani, historia, sayansi, hata majina ya bidhaa. Walijua ni kipimo, lakini walikuwa wamekigeuza chemsha bongo. Mionzi ya anga hula kumbukumbu za mtu polepole, na Bupe Mwansasu, mhandisi aliyebuni kipimafikra na kutunga maswali yake, alikuwa amekifundisha kupima muda ambao akili inachukua kutafuta jibu. Aliyeanza kuchelewa aliwashiwa taa nyekundu na kurudishwa Duniani.

Mbwambo, kiongozi wa zamu aliyekaa Mwezini miaka kumi na miwili, hakuwahi kuchelewa.

Asubuhi hiyo Bupe, aliyesimama kando ya mashine, alimwokotea glavu iliyomwanguka.

"Asante, dada..." Mbwambo alisita. Midomo ilicheza, jina halikuja.

Miaka miwili walikuwa wakila meza moja. Bupe akamvuta pembeni.

"Kaka Mbwambo, jana jioni tulikula nini?"

Mbwambo alicheka. Kisha akaacha kucheka.

"Umeyakariri maswali yangu yote?" Bupe aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nayasoma kila siku nikiwa chumbani. Orodha ulinipa mwenyewe."

"Ulisema unataka kumshinda mwenzako Sifael kwenye mchezo!"

"Nilisema hivyo?"

Orodha ile Bupe alikuwa ameitoa kwa mkono wake, akidhani anamfurahisha rafiki.

"Usiwashe nyekundu, mdogo wangu," Mbwambo alimsihi. "Mifupa yangu imezoea wepesi wa huku. Duniani sitasimama tena. Nitawekwa kwenye kiti nitazame ukuta. Huku mimi ni mtu."

"Na wale sita utakaoshuka nao? Hewa ikivuja, unafunga vali ipi kwanza?"

Mbwambo aliitazama mikono yake, kana kwamba yenyewe ingejua. Wenzake walikuwa wameshavaa kofia zao, wanamsubiri.

"Hilo hukuliandika kwenye orodha," alisema.

Bupe alirudi kwenye mashine, akabonyeza kitufe. Taa nyekundu ikawaka juu ya jina la Mbwambo, bingwa wao.

Mbwambo aliondoka na chombo cha anga cha wiki ile bila kumuaga Bupe. Bupe aliyafuta maswali yote ya zamani. Sasa kipimafikra kiliwauliza wachimbaji walikaa na nani mezani jana, na walizungumza nini. Makofi yalikwisha, na siku nyingi hakuna aliyetaka kukaa karibu na Bupe kwenye chakula.

Miezi mitatu baadaye, mke wa Mbwambo alimpigia Bupe simu kutoka nyumbani kwao Same.

"Hatembei, lakini anakula vizuri," alisema. "Watoto wa jirani huja kumuuliza maswali. Historia, sayansi, yote anajibu. Wanampenda kweli."

"Ananikumbuka, mama?"

"Anasema yuko dada mmoja aliyekuwa akimtungia maswali, dada mwema sana. Ila jina limemtoka."

"Mwambie ni Bupe."

Akamsikia akimgeukia mumewe. "Baba, ni Bupe. Bupe!"

Hatimaye sauti nzito ya Mbwambo ikafika, yenye heshima, kama ya mtu anayeongea na mgeni.

"Hilo ni swali la ngapi?"