Maji ya Jana

Gari la maiti lilikuwa limeshatoka getini, watu wamepanda, vilio vimeshika njia, pale Inspekta aliposimama katikati ya barabara na kuinua mkono.

Dereva alikanyaga breki. Jeneza likagonga kiti, na mjane aliyekaa pembeni yake akapiga ukelele kana kwamba mumewe ndiyo kwanza anakata roho.

"Afande, siku hizi mnakamata na maiti?" kaka wa marehemu alifoka akishuka. "Huyu alikuwa mgonjwa wa figo. Kila mtu anajua."

"Figo huua taratibu, mzee. Ndugu yako amekufa ghafla akiwa kwenye mashine, na daktari hajaridhika. Geuzeni gari, turudi hospitali."

Kweli daktari hakuridhika. Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Refa kwa sababu alichezesha mpira mpaka magoti yakamkataa, alikuwa akisafishwa damu nyumbani, chumbani kwake, na mkewe ambaye hospitali ilimfundisha. Damu iliyobaki kwenye mipira ya mashine haikuwa nzito tena. Ilikuwa angavu kama sharubati. Ukiinyanyua kwenye mwanga unaona upande wa pili.

Majibu ya uchunguzi wa maiti yalikuwa mafupi: chembe za damu zimepasuliwa na klorini, dawa ile ile inayotiwa kwenye maji ya bomba kuua vijidudu. Ukiinywa haikudhuru. Ikikutana na damu kupitia mashine, hiyo ni habari nyingine. Ndiyo maana kwa Refa maji yalipita kwanza kwenye chujio la makaa, mtungi mrefu uliosimama nje ya dirisha. Na kabla ya kila usafishaji mke alitakiwa kuyapima. Anayaachia yatiririke kitambo, anakinga kikombe, anatia matone ya dawa ya kupimia. Yakibaki meupe, endelea. Yakigeuka waridi, usithubutu.

"Siku ile ulipima?" Inspekta alimuuliza mjane.

"Nilipima."

"Yalikuwaje?"

"Meupe. Meupe kama haya machozi yangu, afande."

"Baada ya kupima, nani aligusa chujio?"

Mjane alivitazama vidole vyake. "Fundi wa maji alipita. Alikaza mpira uliokuwa unavuja. Alipoondoka nikamwunganisha mume wangu."

Inspekta alikinga mwenyewe maji ya chujio, akatia matone. Waridi, tena iliyokolea. Hesabu ikawa nyepesi: kabla ya fundi maji salama, baada ya fundi sumu.

Walimkuta fundi kwa mama mkwe wake, amelala chini ya sinki, miguu nje. Inspekta hakungoja atoke. Alimvuta kwa miguu, akamfunga pingu hapo hapo, shati limepanda mpaka kifuani. Mama mkwe aligeuza uso ukutani.

"Baba, mwache basi anawe mikono," alisema bila kugeuka.

"Atanawa kituoni."

Kituoni hakunawa. Aliulizwa maswali.

"Ulibadilisha makaa?"

"Sikubadilisha. Makaa hubadilishwa kipimo kikionyesha yamechoka, na mama mwenye nyumba aliniambia kipimo kiko safi."

"Ulifanya nini kwenye lile chujio?"

"Nilikaza mpira. Afande, kazi yangu kuziba mabomba, si kuziba pumzi za watu."

"Unanichekesha?"

"Ningekuwa na kipaji hicho ningeanza na mama mkwe."

Inspekta aligonga meza. "Kwa hiyo mjane ni mwongo?"

"Sijasema hivyo. Mama yule ananiheshimu. Ninachojua, makaa hayafi kwa kukazwa mpira."

Wakamrudisha mahabusu.

Asubuhi yake mwendesha mashtaka alikuja kuona ushahidi. Inspekta alijitanua kidogo. Alichukua jagi alilolijaza maji ya chujio jana yake na kuliacha dirishani usiku kucha, akamimina kikombeni na kutia matone. Wakangoja. Maji yakakaa meupe, hayana habari.

"Muuaji wako ametoroka," mwendesha mashtaka alisema, akachukua kofia yake.

Inspekta alimpigia simu mkemia wa maabara.

"Jagi lilikuwa na kifuniko?" mkemia aliuliza.

"Halikuwa nacho."

Mkemia alicheka mpaka akakohoa. "Klorini ni mgeni asiyeaga, bwana. Ukimwachia mlango wazi, asubuhi humkuti. Maji yaliyolala hayana la kukuambia. Unapima yanayotoka sasa hivi."

Inspekta alirudi mtaani kwa marehemu, lakini hakuingia. Alimfuata jirani aliyekuwa akianika nguo upande wa pili wa ukuta.

"Wewe ndiye wanakuita Redio?"

"Wanaoniita hivyo ndio wanaonisikiliza."

"Refa na mkewe walikuwa watu gani?"

"Wazuri mno. Ila kwenye maji!" Redio alibana kibanio mdomoni, akakitoa. "Bomba la hapa ni moja, afande. Wao wakifungulia, sisi tunabaki na matone. Na wanayafungulia yaende mtaroni, shwaa, eti yanasafisha njia! Siku moja nikamwambia shoga yangu dirishani, hivi mumeo ni refa au ni samaki? Watu walicheka hapa." Yeye mwenyewe alianza kucheka, kicheko kikamfia. "Ulikuwa utani tu."

"Akajibu nini?"

"Hakujibu. Ila toka siku ile hatukusikia tena maji yakimwagika asubuhi."

Mjane alikuwa chumbani, amekaa kwenye kiti alichozoea kukaa wakati wa kusafisha damu. Kitanda kilikuwa kimetandikwa.

"Mama, maji ya kupimia ulikuwa ukiyakinga wapi?"

"Kwenye chujio."

"Saa ngapi?"

Mjane alinyoosha shuka lililokwisha kunyooka.

"Nimekuuliza saa ngapi, mama."

"Jioni," alisema. "Majirani wakiwa bado makazini. Nakinga kwenye ndoo, asubuhi napima ya ndoo. Nilidhani maji ni maji."

"Hospitali hawakukwambia?"

"Waliniambia, na nikamwapia nesi. Lakini nesi hakai hapa, nakaa mimi. Nikifungulia tu, nawasikia wanaguna dirishani. Mume wangu naye akasema, 'Mke wangu, uwanjani wamenitukana mpaka mama yangu, sikujali. Lakini niitwe mwizi wa maji nikiwa kitandani, hapana.' Ndivyo alivyosema. Ila mkono ulikuwa wangu."

"Ulijua lini?"

"Alipolalamika mgongo unamwaka. Nikazima mashine, nikakimbia nje, nikafungulia, nikapima. Waridi. Nikapima ya ndoo, meupe. Niliporudi ndani alikuwa ananitazama tu."

"Na fundi?"

Mjane aligeukia dirisha, kwenye mtungi wa chujio.

"Fundi yuko mahabusu, mama! Ulitaka anyongwe?"

"Uliniuliza nani aligusa chujio. Nikakwambia kweli. Mengine umejaza mwenyewe." Akainamisha kichwa. "Nami nikakuacha ujaze. Ningewaambia nini shemeji zangu? Mtu akiua kwa wivu au kwa shamba, watu wanaelewa. Mimi nimeua kwa kuogopa kuchekwa."

Inspekta alifungua mdomo amkaripie, akaukosa ukali. Nani alitaka kesi nyepesi? Nani alimburuta mtu mzima kwa miguu mbele ya mkwewe? Akamwambia tu avae viatu.

Wataalamu walisema makaa yale yalikuwa yamechoka muda mrefu, na siku ya kifo idara ya maji ilikuwa imezidisha dawa baada ya bomba kuu kupasuka. Refa alizikwa. Mashine ilirudishwa hospitali, sasa anaitumia mwingine. Mjane alishtakiwa kwa uzembe uliosababisha kifo na kwa kuwapotosha polisi. Alikiri yote, akapewa kifungo cha nje. Anaishi kwa dada yake. Shemeji zake hawamsalimii. Redio alitoa ushahidi kwa sauti ndogo hata hakimu akamwomba arudie. Fundi alikuwa ameachiwa siku ile ile mjane alipoeleza ukweli. Inspekta alikwenda kumwomba radhi, akamkuta anakula. Fundi alisema yamekwisha, akaendelea kula. Kwa mama mkwe hajakanyaga tena. Mkewe huenda peke yake. Inspekta alipandishwa cheo mwaka uliofuata, kwa kesi nyingine.