Mtapo Dume wa Mkokotoni

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, Makungu aliyakagua makopo yaliyopangwa uani kwake. Ndani yake alipanda mbegu za mtapo, mti wa zamani unaofanana na mnazi mfupi. Vichaka alimouona utotoni vilishafyekwa. Mjini ulibaki mmoja, katika bustani aliyoitunza miaka ishirini. Alitaka auache na mche wake kabla hajastaafu.

"Zimeota?" mkewe, Mwanapili, aliuliza kutoka jikoni.

"Bado."

"Mwaka wa sita huu, mume wangu. Unafuga udongo!"

Siku hiyo, mwaka 1970, Jokha, bibi shamba kijana, alifika bustanini.

"Shikamoo, Mzee Makungu."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nitazamie mbegu hizi."

Jokha aliipasua moja kwa kisu. Ndani tupu.

"Mzee, mti wako ni jike. Si unaujua mpapai dume? Mtapo nao ni vivyo hivyo. Bila ya unga wa dume, mbegu hazina kitu. Bustani nyengine hawana dume?"

Makungu alikumbuka. Miaka minne nyuma alijiwa na Simai, mtunza bustani ya skuli moja Mkokotoni. "Mtapo wetu unatoa kigunzi kama cha muhindi, chenye unga," Simai alisema, "lakini hauzai. Tuufanyeje?" Makungu hakuuliza neno la pili. "Usiozaa wa nini? Ung'oe, upande mchungwa." Na moyoni alifurahi kuwa mtapo wake utabaki peke yake.

Kesho yake yeye na Jokha walikwenda Mkokotoni. Pahala pa mtapo palisimama mchungwa.

"Nliung'oa kama ulivyonambia," alisema Simai. "Na machungwa yenyewe makali kama siki!"

Makungu hakucheka. "Nisamehe, Simai. Nlikujibu nisilolijua."

"Chipukizi lake moja nlimpa Ame, wa bustani ya miche Tunguu."

Walilikuta hai, limefika magotini.

"Litatoa unga lini?" aliuliza Makungu.

"Labda miaka kumi, mzee. Labda zaidi," alijibu Jokha.

Makungu alibakisha miaka miwili kazini.

Jokha aliwakalisha watunzaji watatu pamoja. "Kila mmoja wenu alikuwa na mti, na hapana aliyejua mwenzake ana nini," alisema. Wakaanzisha daftari moja, nakala tatu. Kila mmea adimu uliandikwa ulikotoka, dume au jike, na nani ana mche wake. Walikubaliana mtu asing'oe mmea kabla ya kuwauliza wenzake wawili. Makungu alitoa machipukizi mawili ya mtapo wake, moja Mkokotoni, moja Tunguu, ili mmoja ukifa, isiwe ndiyo basi.

Masika yaliyofuata, Ame alitaka kung'oa kichaka kilichoonekana kimekauka. Alifungua daftari kwanza. Kumbe hakikuwako kwengine kote! Simai na Makungu wakaja kuchukua vipande, kikashika katika bustani zote tatu.

Nyumbani Mwanapili alipanda mrihani katika makopo. Uliota baada ya wiki moja, naye hakumtania mumewe tena.

Siku ya kustaafu, Makungu aliomba kalamu, akaandika polepole katika daftari: *Mtapo dume, Mkokotoni. Uling'olewa 1966.*

Akasita, kisha akaongeza: *Aliyeshauri ni mimi, Makungu.*

"Hilo nalo la kuandikwa, mzee?" aliuliza Simai.

"Ndilo la kuandikwa," alijibu, akamalizia neno moja: *Sikuuliza.*