Mlinzi Alitangulia Kusema

"Maji yamewafika shingoni," kaka alisema, sauti ameishusha kama anatangaza msiba. "Mwizi na Mlinzi mmefungiwa humo ndani, mlango haufunguki. Haya, Mlinzi anasema nini?"

Wifi aliacha kutafuna. Wote wawili wakanikodolea macho.

Sasa nyie msioujua mchezo huu, niwaeleze mara moja. Mnakaa mezani, kila mtu anaigiza mhusika aliyemtunga mwenyewe. Msimulizi anawaambia mmekutana na nini, nyinyi mnasema mnafanya nini, na penye mashaka dadu zinaamua. Msimulizi wetu ni kaka yangu, kinyozi, na vinyozi mnawajua kwa mdomo. Mke wake, wifi yangu, ni mwalimu wa chekechea. Anaigiza mchawi mkorofi, na wala haigizi sana. Mimi nauza kwenye duka la dawa, ila pale mezani ni Mwizi.

Mlinzi hakuwa wangu. Mlinzi ni wa Mpima, rafiki wa kaka, mpima ardhi aliyehamishiwa kwenye ujenzi wa barabara huko mbali. Siku ya kuondoka aliniambia, "Nitunzie Mlinzi asife. Nikiwa sipo, wewe ndiye mdomo wake." Ni kawaida ya mchezo: asiyekuwepo, mwenzake humsemea.

"Tunasubiri," kaka akasema. "Maji yanapanda."

Nikaivuta karatasi yenye sifa za Mlinzi.

"Anasema, 'Mwizi, tukitoka humu hai, nataka nikuoe. Nimekupenda tangu siku ile nilipotumwa kukukamata.'"

Wifi alipiga meza kofi, dadu zikaruka.

"Makubwa! Na Mwizi anajibu nini?"

"Anakubali."

"Yaani umejiposa mwenyewe, ukajikubali mwenyewe!"

"Wifi, niache, tunazama!"

"Wewe ulishazama zamani, mama."

Nilimgeukia kaka. "Lifute hilo. Nimeteleza ulimi."

"Kilichosemwa mezani kimetokea," akasema bila hata kunitazama. "Tupa dadu."

Nikatupa, nikiomba tufe wote wawili yaishe. Dadu zikagoma. Tukatoka wazima, wachumba.

Jamani, msinicheke. Kumsemea mtu unayempenda ni kazi ngumu kuliko mnavyodhani. Kila wiki nilikuwa nakaa nikijiuliza Mpima angejibu vipi hapa, angenyamaza vipi pale, angemtazama vipi Mwizi. Mpaka sauti yake nikaijua kuliko yangu. Nikirudi nyumbani nabaki na hamu, maana niliyekuwa naongea naye siku nzima hakuwepo.

Kwenye simu tulikuwa tunaandikiana habari za michezo tu. Tuliyokwisha kucheza: ule wa gereza chini ya bahari, ule wa ukoo wa wafalme waliolaaniwa ambao kaka aliuharibu kwa kicheko. Na ambayo bado: ule wa upelelezi, ule wa safari ya angani, na ule wa watu wawili. Huo wa wawili hauna msimulizi wala dadu. Mnakaa mnatazamana, mnaulizana maswali mpaka hadithi iishe. Huo ndio niliokuwa nautamani kuliko yote. Kila nikiutaja, anajibu, "Tutaucheza siku moja." Siku moja, siku moja, na miezi inakwenda.

Mara ujumbe wa Mpima ukaingia nikiwa kaunta, nampimia mteja dawa ya kikohozi.

"Nimepewa ruhusa fupi. Jumamosi mchana nipo mezani. Usinisimulie kilichotokea, nataka nikute mwenyewe."

Nikafunga duka mapema, moja kwa moja mpaka kwa kaka saluni.

"Kaka, Mpima anakuja."

"Najua. Kaniambia."

"Basi lifute lile jambo, nakuomba."

"Lipi?"

"Usijifanye hujui!"

Mteja aliyekuwa kwenye kiti, povu limejaa kidevuni, akauliza, "Kwani nani anaoa?"

"Wewe tulia, nina wembe mkononi," kaka akamwambia. Halafu akanitazama, safari hii bila utani. "Dada yangu, unampenda yule jamaa?"

Nikaanza kumpangia vitana vyake.

"Haya. Hilo si la mchezo tena. Mwambie kabla hajafika."

"Akicheka je? Nitamkosa yeye, nitakosa na meza. Nitakaaje tena pale Jumamosi, wote mnanionea huruma?"

"Akicheka, atafute kinyozi mwingine."

Ijumaa nikajikaza nikampigia.

"Mpima, kuna kitu nataka nikuambie."

"Kama ni cha mezani, usiniambie!" alicheka. "Huku kila nikifunga vifaa jioni namuwaza Mlinzi tu, sijui yuko wapi saa hizi."

"Unamuwaza Mlinzi tu?"



"Mtandao unasumbua," akasema.

Mtandao ulikuwa safi, namsikia mpaka anavyopumua.

Jumamosi akaingia, jua limemkausha, shati linampwaya. Akamsalimia kaka, akamsalimia wifi, "Shemeji, hujambo?" Aliponifikia mimi akanishika mkono akasahau kuuachia. Wifi akakohoa. Tukakaa.

Kaka akaanza kumsimulia yaliyompita. Vita, moto, mfalme kukimbia. Mimi nimeinamia dadu zangu, masikio yanawaka.

"...na maji yalipofika shingoni, Mlinzi akamwambia Mwizi anataka kumuoa. Mwizi akakubali."

Mpima hakucheka. Heri angecheka.

"Nani aliyemsemea?"

"Mimi," nikajibu.

"Mlinzi wangu hawezi kusema hivyo."

"Kilichosemwa mezani..." kaka akaanza.

"Najua sheria. Sibishi kwamba kimetokea." Akaivuta karatasi ya mhusika wake, akaikunja, akaitia mfukoni. "Namtoa Mlinzi mchezoni. Amekwenda zake, harudi."

Nikainuka. Nilisema naenda kunywa maji, sijui hata kama kuna aliyenisikia. Jikoni nikafungulia bomba kwa nguvu ili kilio kisisikike sebuleni. Lakini ya sebuleni niliyasikia.

"Wewe mwanaume," wifi alifoka, "hicho kichwa umebebea kofia tu?"

Nyayo zikaja. Mkono ukapita pembeni yangu ukafunga bomba.

"Maji yataisha," Mpima akasema.

"Yaishe."

"Nimekuumiza."

"Miezi yote hii nimemlinda asife! Kila vita namrudisha nyuma, mikuki inamwingia Mwizi wangu. Halafu unakuja siku moja tu, unamtoa kama uchafu. Kama hunitaki, ungesema, si kunidhalilisha mbele ya kaka."

"Namwonea wivu."

"Unamwonea nani?"

"Mlinzi."

Niligeuka. Hakuwa anatania. Macho yalikuwa mekundu.

"Nimepanda basi alfajiri, njia nzima nafanya mazoezi ya kusema maneno mawili matatu. Abiria wa pembeni kaniona chizi. Nafika, naambiwa Mlinzi keshayasema. Tena keshakubaliwa!"

"Si ungesema na wewe?"

"Nimejificha nyuma yake muda mrefu mno. Yeye anakuvisha koti lake kwenye baridi, mimi nakuaga mlangoni. Yeye anavunja mlango akufuate, mimi nakuandikia habari za dadu. Ule mchezo wa watu wawili, unajua kwa nini naukwepa? Hauna pa kujificha. Mlinzi akibaki, nitaendelea kumtuma yeye. Ndiyo maana nimemtoa."

"Haya, ameshatoka. Sema."

"Niseme nini?"

"Ulichofanyia mazoezi kwenye basi."

Akafuta mikono kwenye suruali kama anataka kushika kitu kisichotakiwa kuchafuka.

"Nakupenda. Si Mwizi. Wewe, wa duka la dawa, unayegombana na wateja wasiomaliza dozi. Nataka nikuoe."

"Tupa dadu kwanza!" kaka akapayuka nyuma ya mlango, halafu akalia "Aah!" Wifi alikuwa amemfinya.

"Nimekubali," nikasema, na nililia upya, sasa bila bomba.

"Kaka," Mpima akaanza, "samahani, nilitaka nije kwako kwanza..."

"Kaka yako nani?" akamkatiza. "Hebu niite shemeji nisikie inavyokaa."

Asubuhi yake nilimsindikiza stendi. Ruhusa ilikuwa ndiyo imekwisha, na barabara yao bado haijafika hata nusu. Nilikuwa nimemsubiri miezi yote hiyo nikidhani akishasema, hamu itapungua. Uongo mtupu. Iliongezeka. Alipanda, akakaa dirishani, akatoa kichwa nje.

"Utanipigia?"

"Nitakupigia. Sema tena."

"Hapa? Watu wote hawa?"

"Hapa hapa."

Akatazama kulia, akatazama kushoto, kisha akapaza sauti.

"Nakupenda! Nataka nikuoe!"

Basi zima likageuka. Dereva akawasha injini. Mama mmoja aliyebeba mtoto akanifokea, "Dada, mkubalie basi, gari linaondoka!"

"Nilishamkubalia jana, mama," nikamjibu. "Hii ni ya kurudi nayo nyumbani."