Zamu ya Surjit

Kila siku baada ya shule, Surjit alijitanda mtandio kichwani, akaketi mkekani na kusoma kurasa mbili za kitabu cha dini mbele ya bibi yake, Biji. Hakukwama hata neno. Siri yake aliijua Limi tu, mtoto wa jirani: Surjit hakuwa akisoma. Biji akisoma mara moja, maneno yote humganda Surjit kichwani, kisha yeye hupitisha kidole juu ya herufi asizozijua.

Mwaka ule, 1973, Makalasinga wa Shinyanga walikuwa wamebaki familia nne. Wengine walishahama, na mjini watu walinong'ona kwamba hata hao wanafunga mizigo. Sikukuu yao ilipokaribia, wakaazimia kusoma kitabu chao kitakatifu chote, siku mbili mchana na usiku, wakipokezana bila sauti kukatika. Ikikatika, wanaanza upya. Wasomaji walikuwa sita.

"Wa saba ni Surjit wangu!" Biji alitamba. "Jumamosi, saa nane mchana."

Jumamosi jiko la hekalu lilifurika wanawake. Dengu zilichemka, na Mama Mektilda, mama yake Limi, alikata vitunguu huku akiwavunja mbavu kwa habari za mtaa. Surjit peke yake hakucheka.

"Wakikupa ukurasa ambao hukuukariri je?" Limi alimnong'oneza.

"Nyamaza wewe!"

"Mimi ninyamaze? Utanyamaza wewe, mbele ya watu!"

Saa saba na nusu. Ndani ya hekalu, sauti ya mzee Gurdial, msomaji wa zamu ile, ilikuwa imekauka. Surjit alifikiri kusingizia homa, lakini miguu ikampeleka kwa Biji.

"Biji, siwezi kusoma."

"Woga tu huo, mwanangu."

"Si woga. Herufi sizijui. Nakariri."

Biji akaacha kusukuma chapati.

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

Biji akanawa unga mikononi, akaingia hekaluni. Aliketi kando ya Gurdial, wakasoma mstari mmoja pamoja, kisha mzee akaacha. Sauti haikukatika. Saa mbili nzima Biji alisoma, macho yakimtoka machozi kwa uchovu, na Surjit hakubanduka mlangoni.

Jumapili kitabu kilimalizika. Wote waliketi chini kula, wenyeji na majirani.

"Ungejikausha, sauti ingekatika na tungeanza upya," Biji alisema. "Ukweli wako umetuokoa. Lakini sikia, mjukuu wangu: tumebaki wachache. Anayejifanya anajua anatupunguza zaidi kuliko aliyehama. Kula, kisha lete kibao cha kuandikia. Tunaanza na herufi ya kwanza."