Nondo Aliyerudi

Shati lilikataa kukauka. Mama Kidoti alilipiga pasi, mvuke ukapanda, kola ikanyooka vizuri, akalitundika mlangoni. Alipogeuka kuchukua suruali akasikia maji yakidondoka sakafuni. Alilishika tena. Lilikuwa limelowa chapachapa, na lilinuka tope la chini kabisa, lile lisilowahi kuona jua.

"Usijisumbue," mumewe alisema kutoka kitandani. "Mimi siendi."

Siku hiyo mji mzima ulikuwa unakumbuka mwaka wa tano tangu kimbunga kipite. Mama Kidoti, ambaye ni fundi cherehani, alikuwa ameshinda wiki nzima akishona vitambaa vyeupe vya kufunga mkononi. Yeye mwenyewe hakuwa na maiti wa kumlilia, maana wake alirudi. Mumewe alikuwa mchomeleaji wa vyuma, na upepo ulimkuta karakanani na wenzake. Paa likaenda, kuta zikafuata, maji yakafunika kilichobaki. Majirani walikwisha kumpa pole mkewe, mara jioni moja mlango ukagongwa, naye huyo kizingitini, amelowa, hana hata mchubuko. Mkewe hakuuliza kitu. Alimwambia huku analia, "Karibu ndani, mume wangu. Karibu, hapa ni kwako."

Watu walimwita Nondo kwa sababu ajali ya pikipiki ilimwachia paja lililoungwa kwa bamba la chuma na skurubu. Mwenyewe alikuwa akijitania kwamba ndiye fundi pekee anayetembea na mali ghafi mguuni. Alichechemea miaka yote hiyo. Baada ya kimbunga hakuchechemea tena, nao nyumbani wakamshukuru Mungu na kufunga mjadala. Utani ndio haukurudi. Mwaka uliofuata akazaliwa Kidoti.

Asubuhi ile Kidoti alikuwa na homa. Baba yake akasema atabaki naye, basi Mama Kidoti akaondoka na wifi yake, dada wa Nondo, aliyekuja kumpitia.

Uwanjani watu walisimama kimya kuwakumbuka waliokufa. Kisha mwenye kipaza sauti akatangaza kwamba wachimbaji wa msingi wa mnara wa kumbukumbu wamefukua mifupa chini ya zege la karakana ya zamani. Mwenye ndugu aliyepotelea pale aende hemani. Wifi alikwenda kwa ajili ya wale mafundi waliofanya kazi na kaka yake. Mama Kidoti alimfuata kumshika mkono tu.

Mifupa ilikuwa imelazwa juu ya turubai. Mfupa wa paja ulikuwa na bamba la chuma, skurubu zake zimeshika kutu. Pembeni paliwekwa bizimu ya mkanda yenye umbo la samaki. Nondo aliikata mwenyewe kutoka kwenye bati chakavu, akaivaa siku ya harusi yake.

Wifi alichuchumaa. Mguu ule aliuosha yeye kwa mikono yake hospitalini, asubuhi na jioni, mpaka kidonda kikafunga. Hakulia. Alimgeukia Mama Kidoti akanong'ona.

"Wifi, mtoto umemwacha na nani?"

Mama Kidoti alikimbia. Alipita kati ya watu waliovaa vitambaa alivyovishona yeye, akapita maduka yaliyofungwa kwa heshima ya siku, jua kali kichwani na vumbi miguuni, na kila alipovuta pumzi alisikia lile tope la kwenye shati likimjaa puani, hata alipofika mlangoni kwake na kuusukuma akakuta mbao zimevimba kama zimelala majini, akaupiga bega, akaupiga tena, mpaka ukamwachia nafasi ya kupenya, na alipoingia tu ukajirudisha nyuma yake, akasikia mbao zikijikaza kwenye fremu polepole, kama mtu anayefumba kinywa.

Ndani kulikuwa na upepo. Mapazia hayakutikisika, lakini ulivuma, chini kwa chini, ndani ya kuta. Mumewe alikuwa amekaa penye cherehani, amempakata Kidoti. Nywele zao zilichuruzika maji. Homa ilikwisha, mtoto alikuwa anacheka.

"Umemwona," alisema. Hakuwa anauliza.

"Wewe ni nani?"

"Alipokuwa anazama aliita jina lako, akaita, akaita. Mimi nilikuwa nimepanda upepo ule, nikamsikia. Nikatamani kumwona mtu anayeitwa namna ile." Sauti yake ilikuwa ya upole, ile ile ya kila siku. "Nikagonga. Wewe ndiye uliyenikaribisha."

Muda si muda wifi alifika na mzee mmoja mtabibu, anayesomea watu wenye majini. Mlango haukuwafungukia. Mzee alisogeza mdomo kwenye ufa wa dirisha, akamuuliza Mama Kidoti alimpokea kwa maneno gani. Akaambiwa.

"Aliyekaribishwa na mwenye nyumba, mimi mpita njia simtoi," alisema kwa sauti ya chini. "Mwambie wewe atoke. Mara moja inatosha. Ataondoka, na kila kilicho chake kitamfuata."

Mama Kidoti alifungua kinywa. Macho yake yakamwangukia mtoto, kidoti chake shavuni, vidole vyake vilivyoshika kola ya baba.

"Mama," Kidoti aliuliza, "tunaenda wapi na baba?"

Upepo ndani ya kuta ulitulia, ukasubiri.

"Nenda, mzee," Mama Kidoti alisema hatimaye. "Mume wangu amechoka."

Wifi aliugonga mlango akimbembeleza mpaka sauti ikamkauka, kisha nyayo zao zikaondoka.

Kesho yake Nondo alizikwa. Mama Kidoti alisikia waombolezaji wakipita barabarani, na katikati yao kilio cha wifi. Aliinuka aende dirishani amlilie mume wake japo kwa mbali. Ujane hauvaliwi mbele ya mume. Nyuma yake kiti kilivutwa, na mtoto akapandishwa kwenye chake.

"Mama Kidoti," sauti ilimwita kwa upole, "njoo tule."

Alifuta macho kwa upande wa kanga, akaenda kupakua.